Chezeni gemu yenu pamoja, na mzungushe saa

Kama timu yenu ya kutengeneza gemu imetawanyika nchi mbalimbali, tengeni saa moja kila wiki mcheze toleo la wiki hiyo, wote: mchoraji, mwandishi wa kodi, mtu wa sauti, hata mhasibu akitaka. Si kikao cha ripoti. Bosi asishike usukani. Mtu akikwama ukutani kwa sababu ya hitilafu na wenzake wakaangua kicheko, hapo ndipo watu wanapoanza kuzoeana. Zile "michezo ya kufahamiana" za kulazimishana mimi sizipendi hata kidogo.

Shida ni saa. Majira ya baridi, saa tatu asubuhi Montreal ni saa tisa alasiri Warsaw na saa tano usiku Tokyo. Mkiiacha hivyo mwaka mzima, wa Tokyo ndiye atakayesinzia kila wiki, na atanyamaza tu. Zungusheni, kila kanda ionje usiku wake. Andikeni muda kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia, isiyosogezwa) kwenye kalenda, maana Montreal husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Warsaw Jumapili ya mwisho ya mwezi huo, Japani haisogezi kabisa. Wiki hizo za katikati watu hupishana kweli kweli.

Asiyeweza kufika arekodi dakika chache akicheza huku akisema anachokiona, kisha aitume kwenye kundi. Na maamuzi yoyote yaandikwe siku hiyo hiyo, la sivyo waliolala watayasikia kama uvumi.