Kukodi gari la kuondoa paa la zamani Mwanza, hatua kwa hatua

Wengi wanaoniita kuezeka upya huja na hesabu nzuri: mabati, mbao, misumari, ufundi. Ukiwauliza paa la zamani litaondoka vipi, wanasema tutaona. Tukishaezua, uwanja umejaa, jirani hana pa kupita, wingu limetanda juu ya ziwa, na gari linatafutwa mbio kwa bei anayoitaka dereva. Gari lipange kabla msumari wa kwanza haujang'olewa.

Hatua ya 1: Jua paa lako ni la nini

Kama ni bati la chuma, endelea. Ila nyumba za zamani, hasa zilizowahi kuwa za taasisi, zinaweza kuwa na asbestosi: shuka nene za kijivu zenye mawimbi, kama saruji, ukigonga hazilii kama chuma. Hapo simama. Usipasue, usikate, usifagie vumbi lake, kwa sababu nyuzi zake zikiingia mapafuni huleta saratani miaka mingi baadaye. Muone afisa mazingira wa halmashauri yako, au nenda ofisi ya kanda ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) hapa Mwanza, upewe utaratibu. Mzigo huo hauchanganywi na taka nyingine, na mimi siugusi kabla ya utaratibu huo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo

Bati la geji 30 la mita 3 lina kilo sita na kitu. Paa la mita za mraba 110 hivi linatoa mabati kama 50 au 55, kwa hiyo yote pamoja hayafiki kilo 400. Canter ya tani 3 inayabeba bila shida. Kinachokula nafasi ni mabati yaliyopinda na kutupwa ovyo, ndiyo maana nawaambia vijana wayalaze moja juu ya jingine, mgongo kwa mgongo, tangu yanaposhuka. Mzigo wa tripu mbili unakuwa wa tripu moja.

Vigae vya zege ni habari nyingine. Paa hilohilo likiwa la vigae linakaribia tani 5. Ukiijaza Canter hadi juu kisha uishushe kwenye mteremko wa Isamilo, unacheza na roho za watu. Chukua tipa kubwa, au gawa tripu. Dari ya jipsamu nayo ni nyepesi ikiwa kavu, ikilowa inakuwa mzigo wa kweli, hivyo ifunike.

Marekani mwenye nyumba hukodi kontena la chuma, likaachwa uani siku kadhaa hadi lijae. Viwanja vyetu vingi havina nafasi hiyo. Kwetu gari linakuja mzigo ukiwa umeshapangwa, linapakia, linaondoka.

Hatua ya 3: Tembea njia yote kwa miguu

Hapa ndipo pesa za watu wa milimani zinapopotelea. Mabatini, Igogo, Bugando, Kitangiri: nyumba iko juu ya mwamba, gari linaishia chini. Toka mlangoni, shuka hadi mahali gari linapoweza kugeuza, ukihesabu ngazi, kona, na sehemu ambazo bati la mita 3 halipiti bila kuinuliwa wima. Kazi hiyo ya vibarua inaweza kukugharimu kuliko gari lenyewe, basi patana nao peke yao, kwa mzigo wote, wakiwa wameshaiona njia.

Mabati yashushwe matano matano, yamefungwa kamba, watu wawili wenye glavu, mmoja mbele mmoja nyuma. Kamwe msiyaachie yateleze kwenye mawe. Bati likishika kasi halina breki, na chini kuna watoto.

Kama mzigo utakaa barabarani hata saa mbili, mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema na umuonyeshe mahali.

Hatua ya 4: Tenga kabla ya kupakia

Mabati mazima yanafaa banda la kuku. Yaliyooza wapelekee wanunuzi wa vyuma chakavu, yapimwe kwa kilo ukiwa umesimama pale. Mbao za kenchi ng'oa misumari, nzima zitumike tena. Zilizopakwa dawa ya mchwa usimpe mtu akapikie, moshi wake ni sumu. Baada ya hapo kinachobaki cha kwenda dampo ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 5: Patana na dereva

Sema wazi: tripu ngapi, nani anapakia, nani anashusha, nani analipa ada ya dampo, na ni dampo lipi. Jiji la Mwanza linatumia la Buhongwa. Kama uko Ilemela, uliza manispaa yako kwanza.

Miaka ya nyuma nilimlipa dereva mmoja pesa yote mkononi, akaniambia mzigo umefika. Siku ya tatu mtendaji wa mtaa akatuita: dari yetu na mbao zetu ziko korongoni, mvua imeshazisukuma kuelekea Mto Mirongo. Mirongo unamwaga ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa. Tuliingia korongoni na magunia siku nzima. Iliniuma sana. Tangu hapo kijana wangu mmoja anapanda kwenye gari hadi dampo, ananipigia picha mzigo ukimwagwa, ndipo namalizia nusu ya pesa.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Chagua Juni hadi Agosti kama unaweza. Anzeni alfajiri, gari lije mchana. Turubai liwe tayari.

Gari likiondoka, kazi bado. Nenda kwa fundi redio, nunua sumaku ya spika mbovu, ifunge kamba, iburute uwanja mzima na njia yote ya kushukia. Aliyechomwa msumari wenye kutu aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa sindano ya pepopunda. Kwenye nyumba ya mwisho niliyoezeka, Igogo, tulipitisha sumaku mara tatu. Mara ya tatu, wakati kila mtu alishasema pamekuwa safi, ilinasa misumari kumi na moja.