Kuwatembeza Watoto Jioni ya Halloween Bila Ajali: Hatua kwa Hatua

Kwa miaka saba nimekuwa nikilitembeza kundi la watoto wa mtaa wetu hapa Columbus, jimboni Ohio, Marekani, wanapotoka jioni ya Halloween, sherehe ya tarehe 31 Oktoba, wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza, kugonga milango kuomba pipi, na karibu kila mzazi aliyehamia karibuni huniuliza kwanza kama pipi za watu asiowajua zinaweza kutiwa sumu. Hofu hiyo naielewa, lakini visa vya aina hiyo ni adimu mno, ilhali magari huua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopitia takwimu za Marekani za mwaka 1975 hadi 2016, ulionyesha kwamba vifo vya watembea kwa miguu jioni ya Halloween vilizidi kwa asilimia 43 vile vya jioni kama hiyo wiki moja kabla na wiki moja baada, na hatari iliongezeka zaidi kwa watoto wa miaka 4 hadi 8.

Hatua ya 1: Fahamu saa. Miji mingi ya huku hutangaza muda rasmi wa kuomba pipi, mara nyingi kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na si lazima iwe tarehe 31 Oktoba. Kwa kuwa majira hayo jua huzama kama saa 12:30, watoto wadogo watoke mwanzoni kabisa.

Hatua ya 2: Kagua vazi siku moja kabla. Mvalishe mtoto vazi lake juu ya koti, kwa sababu baridi itamlazimu kulivaa, kisha hakikisha pindo halifiki chini ya vifundo vya miguu na kwamba amevaa viatu vyake mwenyewe. Badala ya kinyago kinachoziba macho, mpake rangi usoni, baada ya kuijaribu mkononi. Bandika utepe unaoakisi mwanga mgongoni na kwenye mfuko wa pipi. Lenzi za macho za mapambo zinazouzwa bila cheti cha daktari zikatae kabisa. Kuziuza hivyo ni kinyume cha sheria nchini Marekani, nazo zaweza kukwaruza jicho na kulitia maambukizi.

Hatua ya 3: Panga njia, kisha ishike. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Maliza nyumba zote za upande mmoja wa barabara hadi mwisho, ndipo mvuke kwenye kona mkiwa pamoja, kwani mtoto anayeona mlango wenye taa ng'ambo hukimbia bila kutazama, na dereva hawezi kumwona akichomoza kati ya magari yaliyoegeshwa. Msivuke mpaka gari lisimame kabisa na dereva awe amewaona. Mahali pasipo njia ya waendao kwa miguu, tembeeni upande wa kushoto mkiyakabili magari, mtu mzima akiwa upande wa barabarani. Angalieni pia magari yanayotoka kinyumenyume majumbani.

Hatua ya 4: Mlangoni. Gongeni tu pale taa ya baraza inapowaka, wala mtoto asiingie ndani. Wapite kwenye njia, si kukatiza majani yenye nyaya za mapambo. Maboga ya mapambo yenye mishumaa ndani yakiwa ngazini, shika joho la mtoto mpaka apite, lisije likashika moto.

Hatua ya 5: Nyumbani, kabla ya kula. Tupa chochote kilichofunguka. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe pipi ngumu, karanga wala bisi, maana husakama kooni. Akisakamwa na hawezi kukohoa wala kulia, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5, kisha mbane juu kidogo ya kitovu mara 5, ukirudia, huku mwingine akipiga 911, nambari ya dharura. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo bali kifua. Pipi zenye bangi, ambazo hufanana na za kawaida, kwa kawaida hutoka kwa watu wazima wa nyumba hiyohiyo, kwa hiyo zifungieni. Mtoto akimeza kitu mnachokishuku naye bado yuko macho na anapumua vizuri, pigeni kituo cha sumu, 1-800-222-1222, saa yoyote, bila malipo. Mkalimani huombwa hapohapo.