Jinsi ya kuomba msitu wa kijiji usajiliwe kuwa hifadhi: kwa vijiji vya Lindi na Mtwara

Pori ambalo kijiji hakijalitangaza kisheria halikilindi kijiji. Mvunaji atakuja na kibali chake, magogo ya mpingo na mninga yataondoka kwenye lori, na wanakijiji watabaki na visiki. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, ikisomwa pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inawapa njia ya kulizuia hilo. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipita njia hiyo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kuwa msitu unatunzwa na kuvunwa vizuri; kilikuwa cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe.

Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji haitoshi. Uamuzi ni wa watu wazima wote. Msiuitishe wakati wa kuvuna ufuta au kuokota korosho, maana watu wako mashambani na mahudhurio yatakuwa haba. Kwenye mkutano huo ndipo mnapochagua Kamati ya Maliasili ya Kijiji. Ningewasihi muwaingize wanawake wanaookota kuni na uyoga, warina asali, hata wachoma mkaa: hao ndio wanaoujua msitu, na wakiachwa nje hakuna doria itakayofaulu. Mtendaji aandike muhtasari na kuambatanisha orodha ya waliohudhuria, kila mtu na sahihi yake au dole gumba.

Kisha mtendaji anaandika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, kupitia kwa mtendaji wa kata, akiomba afisa misitu na timu ya mipango ya matumizi ya ardhi. Barua itaje msitu ulipo, vijiji vinavyopakana nao na matumizi yake ya sasa, na iambatane na muhtasari.

Hatua inayofuata, ya mipaka, msiiharakishe hata kidogo. Tembeeni mpaka mzima kwa miguu pamoja na wazee wa vijiji jirani, si viongozi peke yao. Huku kwetu alama za zamani ni mbuyu, korongo, kichuguu, au mwembe uliobaki kwenye mahame ya watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Mwembe huo huo unaweza kuwa chanzo cha ugomvi, kwa sababu familia iliyoupanda bado inaihesabu sehemu ile kuwa shamba lake. Msikilizeni kila mwenye dai na kukubaliana naye kabla ya kupaka rangi mti wowote: ama eneo lake libaki nje ya hifadhi, ama aliachie kwa hiari mbele ya mashahidi. Makubaliano na kijiji jirani yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili. Nasisitiza hili kwa sababu mgogoro wa mpaka unaweza kusimamisha kila kitu kinachofuata.

Mipaka ikishatulia, msitu unaingizwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kama kijiji hakina Cheti cha Ardhi ya Kijiji, huu ndio wakati wa kukiomba. Afisa misitu na kamati watapima miti kwa sampuli, unene ukichukuliwa mita 1.3 kutoka ardhini. Matokeo hayo ndiyo yatakayoonyesha miti gani inaweza kuvunwa na kwa kiasi gani.

Andaeni mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Vyote vipitishwe na mkutano mkuu, kisha sheria ndogo ziende baraza la madiwani kuidhinishwa. Bila idhini hiyo, faini mnayomtoza mkata miti haina mguu wa kusimamia mahakamani.

Baada ya hapo kijiji kinautangaza msitu na halmashauri ya wilaya inausajili. Mkishausimamia kwa miaka 3 mnaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali.

Fungueni akaunti ya mapato ya msitu mapema, na bandikeni mapato na matumizi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Nakala za mihtasari, ramani na sheria ndogo zikae ofisi ya kijiji, kwa kamati na wilayani, ili akibadilishwa mtendaji, majalada yasipotee naye.