Jina au UUID: programu ya bekapu itambue vipi mashine pepe

Hoteli ya Malindi yenye mashine pepe tatu (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi) kwenye VMware, mfumo wa kuziendesha, inaweza kutumia jina, mradi asitokee mtu wa kugeuza "Uhasibu" kuwa "Uhasibu-mpya". Programu itaikosa, au itaanza bekapu kamili upya na kujaza diski.

Sisi tungechagua UUID, namba ya utambulisho ya mashine, ile ya tarakimu 32: jina likibadilika, yenyewe hubaki. Hatari ni kunakili faili kwa mkono. Ukiiwasha nakala, VMware huuliza kama umeihamisha au umeinakili. Ukijibu kwamba umeihamisha, mashine mbili zitabeba UUID moja. Jibu kwamba umeinakili, ipewe mpya.

Namba ya vCenter (programu ya VMware ya kusimamia mashine pepe), mfano vm-42, usiitegemee. Mashine ikiondolewa kwenye orodha na kusajiliwa tena, hupewa nyingine.

Kabla ya kubadilisha mpangilio kutoka jina kwenda UUID, acha nafasi kwenye diski ya bekapu kamili moja zaidi.