Jinsi ya kuendesha Mkutano wa Katiba wa Philadelphia, 1787, kwenye kundi la WhatsApp

Mchezo huu hauhitaji programu ya kununua wala kompyuta. Unahitaji watu 15, simu zenye bando, na jioni za kama wiki mbili. Kila mchezaji anachukua nafasi ya mjumbe aliyekwenda Philadelphia mwaka 1787 kuandika Katiba ya Marekani. Wengi huuendesha kama mdahalo, na hapo ndipo unapopooza: msemaji hodari anatamba, wengine wanasoma tu. Kule kura zilikuwa za majimbo, jimbo moja kura moja. Aliyepata alichotaka ni yule aliyejua jimbo lipi linaweza kusogea, na litasogea kwa bei gani.

Hatua ya 1: Gawa majimbo

Kihistoria walihudhuria wajumbe 55 wa majimbo 12. Rhode Island ilisusa. Wewe chukua saba: Virginia, Pennsylvania, Massachusetts, Connecticut, New Jersey, North Carolina na South Carolina, kila moja wachezaji wawili. Mtu wa 15 ni George Washington, mwenyekiti, na ndiye admini. Wawe wawili kweli, wasiwe watatu: wakitofautiana, kura ya jimbo lao inapotea, na hofu hiyo ndiyo itakayowafanya wazungumze.

Hatua ya 2: Tuma kadi za siri

Kila mmoja apate inboksi kadi fupi: yeye ni nani, jimbo lake linataka nini, na jambo gani hawezi kulikubali kabisa. Madison wa Virginia anataka idadi ya watu iamue viti katika mabaraza yote mawili ya bunge. Paterson wa New Jersey anataka kila jimbo lilingane na lingine. Kadi ngumu kuliko zote ni ya Edmund Randolph, aliyewasilisha Mpango wa Virginia (ule wa viti kwa idadi ya watu) Mei 29 kisha akakataa kuisaini katiba yenyewe. Mpe mchezaji mtulivu, anayeweza kubadilika polepole.

Hatua ya 3: Weka kanuni

Zote zimetoka mle ukumbini. Hakuna kinachotoka nje ya kundi, kwa hiyo skrinishoti ni marufuku. Hakuna kusema mara ya pili kwenye hoja moja kabla wenzako wanaotaka kusema hawajapata nafasi. Na uamuzi wowote unaweza kurudishwa mezani.

Kwenye kura, achana na kile kitufe cha kura cha WhatsApp, maana kinaonyesha nani kachagua nini. Wajumbe wa 1787 walikataa kuandika majina ya wapigakura, ili mtu aweze kubadili msimamo bila kuumbuliwa. Kila jimbo lishauriane inboksi, kisha mmoja aandike kundini: ndiyo, hapana, au tumegawanyika. Waliofuatilia Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma mwaka 2014 wanakumbuka mvutano wa kura ya siri na ya wazi. Namna ya kupiga kura hubadili kinachopigiwa kura.

Hatua ya 4: Gombaneni kuhusu viti

Huu ndio moyo wa mchezo. Upe siku nne au tano. Mpango wa Virginia uanze, kisha Paterson ajibu na Mpango wa New Jersey, ule wa majimbo kulingana. Waache wakwame. Sherman na Ellsworth wa Connecticut ndipo walete mapatano: Baraza la Wawakilishi kwa idadi ya watu, Seneti kwa usawa.

Julai 16 mapatano hayo yalipita kwa kura 5 dhidi ya 4, huku Massachusetts ikigawanyika. Kwa majimbo yetu saba, kila moja likipiga kama lilivyopiga siku ile, mnapata 3 kwa 3, na hoja inaanguka. Ndiyo sababu nilichagua orodha hii. Lazima mtu asogezwe, na usiku huo inboksi hazilali. Mwenyekiti asiingilie: Washington alikaa kimya kwenye hoja hadi Septemba 17, alipounga mkono mbunge mmoja wa Baraza la Wawakilishi awakilishe watu 30,000 badala ya 40,000.

Hatua ya 5: Usiuruke utumwa

Wapo wanaoiondoa sehemu hii ili mchezo uwe mwepesi. Naomba usifanye hivyo. South Carolina ilitaka watumwa wahesabiwe ili ipate viti zaidi, na mkutano ukakubali kuhesabu watu watatu kwa kila watano. Kisha Bunge likazuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Gouverneur Morris wa Pennsylvania aliukemea utumwa waziwazi Agosti 8. Kadi yake imruhusu kufanya hivyo. Marufuku kuigiza matusi. Kura ikiisha, mwenyekiti aandike kundini kwamba sensa ya 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kiti mle ndani.

Hatua ya 6: Saini, kisha endeleeni

Hapa kila mchezaji anaamua kivyake. Mwaka 1787 walisaini 39. Randolph, Mason wa Virginia na Gerry wa Massachusetts walikuwepo wakakataa. Wanaokataa wafungue kundi la pili la wapinzani, muanze raundi ya majimbo kuidhinisha, ambako 9 kati ya 13 yalitosha. Matokeo halisi yawape hamasa: Massachusetts 187 kwa 168, Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. Na Randolph, aliyekataa kusaini, alipiga kura ya ndiyo Virginia. Mchezaji wako asiambiwe hilo mapema.