Dawa ya kupuliza puani: lenga sikio, usilenge ubongo

Mimi ni mfamasia. Mteja akiniambia dawa yake ya kupuliza puani "haifanyi kazi", simbadilishii. Namwomba kwanza anionyeshe anavyoipuliza. Wengi wanafanya vilevile: kichwa kinarudishwa nyuma, chupa inasimamishwa wima puani, halafu anavuta kamasi kwa nguvu mpaka waliopanga foleni wanageuka. Dawa yote imeshuka kooni. Anachopata ni uchungu mdomoni, na chafya zake ziko palepale.

Lakini kabla ya kupuliza, soma boksi, maana dawa hizi si moja. Kwa mafua ya aleji, yale ya chafya mfululizo, pua kuwasha, makamasi mepesi kama maji na macho kutoa machozi kila maua yanapomwaga chavua, dawa ya kutegemea ni ile yenye steroidi. Tafuta majina kama fluticasone, mometasone, budesonide au beclometasone. Hutuliza uvimbe ndani ya pua, na mara nyingi hata macho hupata nafuu. Neno steroidi lisikutishe: kiasi kinachopulizwa ni kidogo, na hufanya kazi yake zaidi hapohapo puani.

Ziko pia za azelastine, ambazo huzuia histamini (kemikali ya mwili inayoleta chafya na kuwasha) na huanza kusaidia ndani ya dakika chache, ingawa ni chungu kweli. Na ziko za kuzibua, xylometazoline au oxymetazoline. Hizi watu wanazipenda kwa sababu pua hufunguka papo hapo, na ndizo zinazonipa kazi. Ukizitumia zaidi ya siku chache (boksi nyingi husema 3 hadi 7), mishipa ya pua huzizoea; dawa ikiisha nguvu pua inaziba kuliko mwanzo, unapuliza tena, na mzunguko hauishi. Mwenye presha ya juu au ugonjwa wa moyo aulize kwanza.

Haya, sasa mkono. Penga kamasi taratibu. Kama pua imejaa, isafishe kwa maji ya chumvi ya kupuliza, subiri kidogo ndipo uweke dawa, la sivyo utakuwa unapaka dawa makamasi. Tikisa chupa. Ikiwa ni mpya, mrija wake bado una hewa tupu: bonyeza pampu hewani, mbali na uso, mpaka utoke ukungu mwembamba usiokatika. Fanya hivyo tena ikiwa imekaa siku kadhaa bila kuguswa.

Inamisha kichwa mbele kidogo, kama unaangalia vidole vya miguu. Tundu la kulia, tumia mkono wa kushoto. Tundu la kushoto, mkono wa kulia. Si mbwembwe. Mkono wa upande wa pili unaielekeza ncha ya chupa nje, upande wa sikio, na ndiko tunakotaka. Ingiza ncha kidogo tu. Bonyeza huku ukivuta pumzi polepole, kana kwamba unanusa chai, kisha toa pumzi kwa mdomo. Ukisikia dawa kooni, umevuta kwa nguvu mno. Baada ya hapo usipenge kwa dakika 10 au 15.

Kwa nini nasisitiza sikio? Katikati ya pua kuna ukuta mwembamba wenye mishipa mingi midogo ya damu. Dawa ikiupiga kila siku palepale, unakauka, unachubuka, na damu huanza kutoka. Anayekuja na malalamiko ya damu, mara nyingi nikimtazama mkono naona ncha inaelekea katikati. Ikiendelea kutoka hata ukishalenga vizuri, acha dawa na umwone daktari.

Kwa mtu mzima, dozi ya fluticasone au mometasone kwa kawaida huanza na mipulizo 2 kila tundu, mara 1 kwa siku. Hali ikitulia hushushwa hadi 1. Watoto wana dozi yao, usikadirie. Hapa kuna jambo linalowashinda wengi: steroidi haitaki haraka. Huchukua siku kadhaa, na nguvu yake kamili huweza kufika wiki ya pili. Unaipuliza hata siku ambayo pua iko shwari. Ukijua msimu wako wa chavua, anza wiki 1 au 2 kabla.

Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir au cobicistat amwambie mfamasia kabla ya kuchukua fluticasone au budesonide. Dawa hizo huzuia ini kuivunja steroidi, nayo hujilimbikiza mwilini. Mjamzito, mwenye presha ya macho na aliyefanyiwa upasuaji wa pua karibuni nao waulize kwanza.

Futa ncha kila ukimaliza, na mara moja kwa wiki ichomoe uioshe kwa maji ya uvuguvugu. Ikiziba, iloweke, usichokonoe kwa pini, utapanua kitundu na dozi itaharibika. Chupa ni ya mtu mmoja. Na kama pua inaziba upande mmoja tu, au inatoa uchafu wenye harufu, au kifua kinabana na kupiga filimbi, weka chupa chini uende kwa daktari.