Ini lenye mfuko wa maji usimtupie mbwa

Ukichinja mbuzi nyumbani, lipapase ini kabla ya kuliosha. Ukikuta kitu kama yai kimejificha ndani ya nyama, cheupe, kimejaa maji maangavu, usikitoboe. Wala usimrushie mbwa aliyekaa pembeni anakutazama. Ukaguzi huo mdogo ndio unaoamua kama ugonjwa wa mifuko ya maji utaendelea bomani kwako.

Ndani ya maji yale mna chembe kama mchanga laini, na kila chembe inaweza kuwa tegu, yaani mnyoo bapa wa tumboni. Mbwa akizila, hujishika kwenye utumbo wake, na baada ya wiki sita hivi huwa wamekomaa na kuanza kutoa mayai. Ni tegu wadogo mno, urefu wao ni milimita chache tu, na mbwa haonyeshi dalili yoyote. Anakula, anabweka, analinda mifugo. Mayai hutoka na kinyesi chake, yakasambaa kwenye majani, kwenye maji ya kunywa na kwenye manyoya yake. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia huyala malishoni. Sisi huyameza kwa mikono tuliyomshikia mbwa.

Wengi huogopa kwamba kula lile ini ndiko kunakoleta ugonjwa. Sivyo. Mtu huupata kutokana na mayai yanayotoka kwa mbwa, ndiyo maana hata asiyeonja nyama anaweza kuugua.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kuonekana na wagonjwa wengi zaidi duniani, na mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti. Walioumia zaidi walikuwa wanawake, wanaoshinda nyumbani karibu na mbwa. Yai la tegu likiingia mwilini hugeuka mfuko wa maji, nao hukua polepole, kwa miaka, mara nyingi kwenye ini au mapafu, hadi tumbo livimbe au kifua kibane. Ukipasuka ndani ya mwili, unaweza kuua.

Basi viungo vyenye mifuko vichome moto, au vifukie kwenye shimo refu na uweke mawe mazito juu, maana shimo fupi mbwa hulifukua usiku uleule. Ukitaka kumlisha mbwa viungo vya ndani, vichemshe kwanza dakika 40.

Mbwa naye apewe dawa yenye prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wake, kila wiki sita ikiwezekana. Si kila dawa ya minyoo inamuua tegu huyu, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo kabla ya kununua. Jambo linalosahaulika sana ni hili: dawa huua tegu, haiui mayai. Mfunge mbwa siku mbili baada ya kumpa, na kinyesi chake ukichome au ukifukie. Patana na majirani mbwa wote wapewe siku moja, kwa sababu mbwa wa boma la pili hula machinjioni kwako.

Watoto wanawe kwa sabuni kila wakimgusa mbwa, kabla ya kula. Na mwenye uvimbe tumboni usioeleweka apelekwe hospitali yenye kipimo cha altrasaundi. Kuna dawa ya albendazoli na kuna upasuaji. Tumbo hilo lisikandwe wala kuchanjwa chale nyumbani.